Thaimasi si shule ya seli T: tuujadili mchujo unaotokea nyuma ya mfupa wa kidari

Mleta uzi:

Ndugu wanajukwaa, habari zenu.

Kwa muda mrefu nimekuwa nikisoma maelezo yanayosema kwamba tezi ya thaimasi ni "shule" ambako seli T, yaani chembe nyeupe za damu zinazopambana na maradhi, hupelekwa zikiwa changa, hufundishwa kumtambua adui, kisha huhitimu na kuingia kazini. Maelezo hayo yanapendwa kwa sababu hayasahauliki, na mimi mwenyewe niliyapokea hivyo hivyo nilipoanza kusoma habari za kinga ya mwili. Lakini kadiri nilivyozidi kusoma, ndivyo nilivyozidi kuona kwamba neno "shule" linalificha jambo lenyewe. Mwanafunzi huingia shuleni hajui na hutoka anajua. Ndani ya thaimasi hakuna seli inayofunzwa kumjua adui yeyote: kila seli hujitengenezea kipokezi chake, yaani protini ya juu ya utando ambayo seli hushikia na kutambulia vitu, kwa bahati nasibu, na kipokezi hicho kikishakamilika ndicho kinachoamua kama seli itaishi au itakufa. Zinazokufa ni nyingi mno kuliko zinazotoka, kwani makadirio ya kawaida ni kwamba zinazofika mwisho wa safari hazizidi asilimia 5. Neno ninalolipendekeza ni mchujo, na uzi huu nimeuanzisha ili tuufuate mchujo huo tangu seli inapoingia hadi inapotoka.

Tuanze na mahali penyewe. Thaimasi ni tezi laini yenye pande mbili, iliyolala nyuma ya mfupa wa kidari, juu kidogo ya moyo na mbele ya mishipa mikubwa ya damu. Mara ya kwanza nilipoiona kwa hadubini, katika kipande chembamba kilichotiwa rangi, gamba lake la nje lilikuwa zambarau iliyokolea kwa sababu limfosaiti, yaani kundi la chembe nyeupe za damu ambalo seli T ni sehemu yake, zimesongamana humo hadi viini vyake karibu vigusane, ilhali sehemu ya kati ilikuwa nyepesi, yenye nafasi, na ndani yake kulikuwa na viduara vya rangi ya waridi vilivyojikunja tabaka juu ya tabaka, ambavyo huitwa miili ya Hassall. Nilipoongeza ukuzaji nikaona katikati ya zambarau ile madoa meupe yaliyotawanyika kama nyota, na ndani ya kila doa seli moja kubwa iliyojaa vipunje vyeusi. Seli hiyo ni makrofaji, yaani seli inayomeza mabaki, na vipunje vile ni mabaki ya viini vya seli zilizokufa muda mfupi kabla. Nimeyakumbuka madoa yale kila nilipoambiwa habari za "wahitimu".

Vifo hivyo ndivyo vilivyowapoteza wataalamu kwa miaka mingi. Waliona limfosaiti nyingi zikifia humo, wakahitimisha kwamba thaimasi ni makaburi ya seli na kwamba haina kazi kubwa mwilini. Mwaka 1961 Jacques Miller, aliyekuwa akichunguza saratani ya damu ya panya jijini London, aliripoti kwamba panya walioondolewa thaimasi mara tu walipozaliwa walibaki na limfosaiti chache, waliugua kwa urahisi, na walishindwa kuikataa ngozi iliyopandikizwa kutoka kwa panya wa ukoo mwingine. Panya walioondolewa tezi hiyo wakiwa wakubwa hawakuonyesha madhara hayo, walau si kwa haraka, na ndiyo sababu kazi ya tezi ilikuwa imejificha muda wote huo. Herufi T katika jina la seli T imetokana na jina la tezi hii.

Seli zinazokuja kuwa seli T huzaliwa katika uboho wa mifupa, husafiri kwa damu, na huingia thaimasi kupitia mishipa midogo iliyoko mpakani mwa gamba na sehemu ya kati. Zinapoingia bado zina njia zaidi ya moja mbele yake. Kinachozifunga njia nyingine ni mguso: seli za epithelia za gamba, yaani zile zinazounda tezi yenyewe, zina protini iitwayo DLL4 juu ya utando wake, na seli inayoingia ina kipokezi kiitwacho Notch1. Viwili hivyo vikishikana, kipande cha ndani cha Notch1 hukatwa, huenda kwenye kiini, na kuwasha jeni za ukoo wa T. Panya ambao Notch1 yao imezimwa huota seli B, ambazo ni limfosaiti za aina nyingine, ndani ya thaimasi, mahali ambapo zingekuwepo seli T. Hii ndiyo hatua pekee ambapo ningekubali kusema kwamba thaimasi inaielekeza seli, na hata hapa inachoelekezwa ni ukoo wake, si shabaha yake.

Katika kipindi hiki seli haina CD4 wala CD8, protini mbili zinazotumika kutofautisha aina za seli T, juu ya utando wake, na kwa sababu hiyo huitwa hasi mbili. Husogea taratibu kuelekea ukingo wa nje wa tezi, na njiani huanza kufanya jambo ambalo kwa karibu kila seli nyingine ya mwili lingekuwa ajali: huikata DNA yake yenyewe. Jeni ya mnyororo wa beta, ambao ni nusu ya kipokezi cha seli T, hatuirithi ikiwa nzima. Tunairithi ikiwa vipande vipande vya makundi matatu yaitwayo V, D na J, na vimeng'enya viwili, RAG1 na RAG2, hukata kandokando ya vipande hivyo ili kipande kimoja cha kila kundi kiunganishwe na mwenzake, na DNA iliyokuwa katikati hutupwa. Katika maungio hayo kimeng'enya kingine, TdT, huongeza herufi za DNA ambazo hazikuwahi kuandikwa popote, si kwa baba wala kwa mama. Naomba msomaji asimame hapa kidogo. Sehemu ya kipokezi inayogusa antijeni, yaani kitu kinachotambuliwa na kinga, kwa karibu zaidi ni ile ile iliyotokana na maungio haya, kwa hiyo kiini cha utambuzi wetu wa maradhi kimewekwa katika mahali ambapo urithi haukuandika chochote.

Uhuru huo una gharama yake. DNA husomwa herufi tatu tatu, na muungano unaotokea bila mpangilio huangukia mahali sahihi takriban mara moja katika tatu. Mara nyingine zote usomaji huvurugika na protini haitoki. Seli hujihakiki kwa njia nyepesi: mnyororo wa beta ukitoka vizuri hushikana na mnyororo wa muda uitwao pre-T alfa, wote wawili hupanda kwenye utando, na ishara hutumwa ndani. Ishara hiyo huzima RAG kwa muda, huizuia jeni ya beta ya kromosomu ya pili isiendelee kupangwa, na huiruhusu seli igawanyike mara nyingi. Isiyopata ishara hufa. Angalieni kwamba mpaka hapa hakuna kirusi wala bakteria aliyehusika. Kilichopimwa ni kama mnyororo umesomeka na umekunjika inavyotakiwa, basi.

Baada ya kugawanyika, seli huwa na CD4 na CD8 zote mbili kwa pamoja, na seli za aina hii ni kama asilimia 80 ya seli zote zinazokua ndani ya tezi. RAG huwashwa tena, safari hii kwa ajili ya mnyororo wa alfa. Jeni ya alfa ina vipande vingi vya V na J, na muungano wa kwanza usipofaa seli inaweza kuukata na kuunganisha V ya nyuma zaidi na J ya mbele zaidi, kisha tena, kwa muda wa siku 3 au 4 ambazo ndizo uhai wake katika hali hiyo. Kila muungano mpya ni kipokezi kipya kinachojaribiwa.

Kinajaribiwa dhidi ya nini? Kipokezi cha seli T hakisomi antijeni ikiwa peke yake. Husoma kipande kidogo cha protini, yaani peptidi, kikiwa kimebebwa na molekuli ya MHC, ambayo kwa binadamu huitwa HLA. Rolf Zinkernagel na Peter Doherty walilionyesha jambo hilo huko Canberra mwaka 1974, na wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1996. Molekuli hizo hutofautiana sana kati ya mtu na mtu, na mpangilio wa jeni za kipokezi hauna namna ya kujua mapema ni zipi alizorithi mwenye mwili huu. Matokeo yake ni kwamba vipokezi vingi vinavyotengenezwa haviwezi kushika HLA yoyote iliyopo. Seli yenye kipokezi cha namna hiyo huzunguka kwenye gamba, hugusa seli za epithelia, haipati ishara, na muda wake ukiisha hufa. Hakuna anayeiua. Sehemu kubwa kabisa ya vifo vya thaimasi ni vya aina hii, kifo cha kutojibiwa, na seli iliyojibiwa kidogo, kwa mshiko hafifu, ndiyo inayoendelea. Hatua hii huitwa uteuzi chanya.

Zinazoshika MHC ya daraja la kwanza hubaki na CD8, zinazoshika ya daraja la pili hubaki na CD4. Protini za Runx3 na ThPOK ndizo zinazosimamia mgawanyiko huo, na sitauchambua zaidi kwa leo.

Nataka tukae zaidi kwenye hatua inayofuata. Seli iliyopita huvaa kipokezi kiitwacho CCR7, ambacho huifanya ifuate kemikali zinazotolewa na sehemu ya kati ya tezi, na huko hukutana na seli za epithelia za aina nyingine kabisa. Seli hizi zina protini iitwayo AIRE, na kazi ya AIRE ni kuziwezesha kutengeneza kiasi kidogo cha maelfu ya protini ambazo kwa kawaida hupatikana katika kiungo kimoja tu cha mwili: insulini ya kongosho, protini za jicho, za tezi ya thairoidi, za tumbo. Si kwamba kila seli hutengeneza zote. Kila protini hutengenezwa na seli chache tu kati ya mia, na kila seli ina mkusanyiko wake, kwa hiyo seli T hulazimika kutangatanga humo kwa siku kadhaa, ikigusa seli moja baada ya nyingine, ili iwe imekutana na sehemu kubwa ya mwili kabla haijatoka. Seli za dendriti nazo huokota protini hizo na kuzionyesha. Seli T inayoshika kwa nguvu chochote kati ya hivyo hufa, au hubadilishwa kuwa seli T ya kudhibiti wenzake. Huu ndio uteuzi hasi. Zile zinazobaki hupata kipokezi kiitwacho S1PR1, ambacho huzivuta kuelekea mafuta maalumu yaliyo mengi katika damu, nazo hutoka.

Nimeandika kwa urefu, nanyi mniwie radhi. Karibuni kwa maswali na masahihisho.

Mchangiaji wa kwanza:

Ndugu mleta uzi, ahsante sana kwa maelezo haya. Kuna jambo moja ambalo limenisumbua tangu nilipolisoma chuoni na ambalo hata hapa sijalipata sawasawa. Kipokezi ni kile kile, na kinachoshikwa ni MHC ya mwili ule ule. Itawezekanaje kushika kuwe sababu ya kuishi kwenye gamba, kisha kushika huko huko kuwe sababu ya kufa kwenye sehemu ya kati? Ikiwa kila kinachoshika mwili kinauawa na kila kisichoshika kinakufa, nani atabaki?

Mleta uzi:

Mkuu, umegusa mahali penyewe, na swali lako liliwakosesha wataalamu usingizi kwa miaka mingi. Jibu liko katika nguvu na muda wa mshiko. Kipokezi kinachogusa MHC yenye peptidi ya mwili na kuachia upesi hutuma ishara ndogo, inayotosha kuiokoa seli. Kinachong'ang'ania hutuma ishara kubwa na ya muda mrefu, na ishara hiyo huanzisha kifo. Wanaobaki ni wale walio katikati, wenye uwezo wa kuishika HLA ya mwili huu lakini wasioridhika na peptidi za mwili wenyewe. Seli kama hiyo ikikutana siku moja na HLA ile ile imebeba peptidi ya kirusi, mshiko unaweza kuwa mkali kwa mara ya kwanza katika maisha yake.

Lipo pia suala la kile kinachoonyeshwa. Seli za epithelia za gamba hukatakata protini kwa proteasomu yake ya pekee, yenye kipande kiitwacho beta 5t ambacho hakipatikani penginepo mwilini, na panya wasio na kipande hicho hupungukiwa sana na seli T za CD8. Maana yake ni kwamba peptidi zinazookoa kwenye gamba si nakala kamili ya peptidi zinazoua kwenye sehemu ya kati.

Jaribio ambalo kwangu lilifungua mlango ni la mwaka 1988, la Harald von Boehmer, Pawel Kisielow na wenzao. Walitengeneza panya ambao karibu seli zao zote za T zilikuwa na kipokezi kimoja, kile kinachotambua protini ya H-Y, ambayo hupatikana kwa madume peke yao. Majike walikuwa na seli nyingi za CD8 zilizokomaa zenye kipokezi hicho, ilimradi wawe na MHC inayokifaa. Madume walikuwa na thaimasi ndogo iliyonywea, kwa sababu seli hizo hizo zilikuwa zimekufa karibu zote. Kipokezi ni kile kile, jeni zake ni zile zile, na tofauti pekee ni kama mwili unaozunguka seli una protini ile au hauna. Hapo ndipo nilipoacha kusema kwamba seli hufundishwa. Seli za dume hazikuelewa chochote ambacho seli za jike hazikukielewa. Zilikuwepo mahali ambapo kipokezi chao hakikuruhusiwa.

Mchangiaji wa pili:

Nimeusoma uzi kwa makini, nami ni daktari wa watoto. Naomba nitofautiane kidogo na ndugu yangu kuhusu neno "shule". Ninapokaa na mzazi ambaye mtoto wake ana kasoro ya kinga, sina dakika arobaini za kumweleza mpangilio wa jeni, na neno shule humfikisha karibu na ukweli kwa haraka. Hata hivyo nakubali kwamba limewahi kuniletea taabu. Mzazi mmoja aliwahi kuniuliza kama seli za mwanawe zinaweza "kurudia darasa", na sikuwa na jibu zuri.

Ningependa kuongeza jambo la kliniki. Zamani mtoto mwenye upungufu mkali wa pamoja wa kinga aligunduliwa baada ya kuugua sana, mara nyingi akiwa na miezi kadhaa na maambukizi yasiyoisha. Siku hizi, katika nchi zenye mpango huo, hugunduliwa kabla hajaugua, kwa tone la damu la kisigino lililokaushwa kwenye karatasi. Jimbo la Wisconsin nchini Marekani lilikuwa la kwanza kuwapima watoto wachanga wote, mwaka 2008. Kinachopimwa kinaitwa TREC, na naona mleta uzi amekipita bila kukitaja jina aliposema kwamba DNA iliyokuwa katikati hutupwa.

Mleta uzi:

Daktari, nashukuru kwa masahihisho hayo, na nakiri nilipita juu juu mahali palipostahili kusimamiwa.

DNA inayokatwa wakati wa kupanga jeni za kipokezi haipotei mara moja. Ncha zake mbili huunganishwa, na hupatikana kiduara kidogo kinachobaki ndani ya seli. Kiduara hicho hakina uwezo wa kujinakili, kwa hiyo seli inapogawanyika kinakwenda kwa binti mmoja tu, na kadiri ukoo unavyokua ndivyo kinavyozidi kuwa adimu. Kinachopimwa zaidi ni kile kinachotokana na jeni ya alfa wakati kipande chenye jeni ya delta, ambayo ni ya kipokezi cha aina nyingine, kinapoondolewa. Damu yenye viduara vingi ni damu yenye seli T zilizotoka thaimasi karibuni. Damu ya mtoto mchanga isiyo navyo kabisa, au yenye vichache mno, inamwambia daktari kwamba hakuna seli zinazotoka, ziwe zimekosa RAG za kukatia, ziwe zimekosa kipokezi cha kupokea interlukini 7, protini ya ujumbe inayozilisha, au iwe tezi yenyewe haikuota.

Kuhusu neno shule, sina ugomvi na daktari anayemtuliza mzazi. Ninachohofia ni kile ulichokisimulia mwenyewe, kwamba neno hilo huzaa swali lisilo na jibu. Chukua ugonjwa unaotokana na kuharibika kwa jeni ya AIRE, jeni iliyotambuliwa mwaka 1997. Mgonjwa huanza mara nyingi utotoni kwa fangasi sugu wa kinywa, kisha tezi za parathairoidi hushindwa na kalsiamu ya damu hushuka, kisha tezi za adrenali. Kwa miaka mingi haikueleweka kwa nini ugonjwa wa kinga kujishambulia uanze kwa fangasi, mpaka ilipoonekana kwamba wagonjwa hao wana kingamwili zinazozizuia interlukini 17 na 22, ambazo ndizo ngao ya utando wa kinywa dhidi ya fangasi huyo. Mwaka 2002 kundi la Diane Mathis na Christophe Benoist, pamoja na Mark Anderson, lilionyesha kwa panya kwamba bila AIRE sehemu ya kati ya thaimasi haizionyeshi protini nyingi za viungo vingine. Seli T za mgonjwa huyo hazina kasoro yoyote ndani yake na hazikushindwa kujifunza. Zilipita kwenye chujio lenye matundu makubwa, na kwa kuwa zimeshatoka, haziwezi kurudishwa. Mzazi akiambiwa hivyo ataelewa kwa nini matibabu yanalenga kuziba upungufu wa homoni na kuituliza kinga, badala ya kusubiri seli zibadilike.

Mchangiaji wa tatu:

Wakuu, naomba kuuliza mambo mawili. La kwanza, hata mtu mwenye AIRE nzima bila shaka kuna seli hatari zinazopenya, maana mmesema kila protini iko kwenye seli chache tu. Nani anazizuia? La pili linanihusu kwa karibu. Ndugu yangu wa damu alifanyiwa upasuaji wa moyo akiwa mtu mzima na akaambiwa thaimasi iliondolewa ili daktari aufikie moyo. Je, hilo lina madhara?

Mleta uzi:

Ndugu, nakupa pole kwa ya nduguyo, na nitayajibu yote mawili.

Seli hatari hupenya kwa watu wote wenye afya, na hilo limethibitika. Zinazozizuia ni zile seli T za kudhibiti nilizozitaja kwa sentensi moja. Watafiti wa Japani walikuwa wamegundua jambo la ajabu: ukimwondoa panya thaimasi siku ya 3 tangu azaliwe, hapati upungufu wa kinga kama panya wa Miller, bali kinga yake huanza kushambulia viungo vyake mwenyewe. Maelezo yake ni kwamba seli za kawaida hutangulia kutoka na seli za kudhibiti huchelewa, kwa hiyo kisu cha siku ya 3 huziacha za kwanza bila walinzi. Shimon Sakaguchi alizitambulisha seli hizo mwaka 1995 kwa alama ya CD25, na mwaka 2001 Mary Brunkow na Fred Ramsdell wakaonyesha jeni ya FOXP3, ambayo ikiharibika kwa mtoto wa kiume humletea ugonjwa mkali wa kinga kujishambulia tangu miezi ya mwanzo. Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2025. Naona fahari kubwa katika ugunduzi huu kwa sababu unaonyesha kwamba mshiko mkali ndani ya thaimasi hauishii kwenye kifo peke yake. Baadhi ya seli zinazoutambua mwili kwa nguvu huachwa hai kwa makusudi ili ziulinde.

Kuhusu swali la pili, umri una uzito mkubwa. Thaimasi huanza kunywea mapema sana maishani, nafasi yake ikichukuliwa na mafuta, na mtu mzima hutegemea zaidi seli T zilizotoka zamani, ambazo huishi miaka mingi na hujizidisha zenyewe nje ya tezi. Ndiyo maana panya wakubwa wa Miller hawakuugua upesi, na ndiyo maana kwa miongo mingi madaktari wa upasuaji waliiondoa bila wasiwasi. Lakini kuinyima tezi hii heshima kumewahi kuwagharimu watu. Mwanzoni mwa karne ya 20 iliaminika kwamba thaimasi kubwa ya mtoto ni ugonjwa unaoweza kumziba pumzi, na maelfu ya watoto wenye tezi za kawaida kabisa walipigwa mionzi ili inywee. Baadaye wengi zaidi ya ilivyotarajiwa miongoni mwao walipata saratani ya tezi ya thairoidi.

Mwaka 2023 ulichapishwa utafiti wa hospitali moja ya Boston uliowalinganisha watu wazima walioondolewa thaimasi na wengine waliofanyiwa upasuaji wa kifua bila kuondolewa. Baada ya miaka 5, waliokuwa wamefariki katika kundi la kwanza walikuwa asilimia 8.1, na katika kundi la pili asilimia 2.8, na hatari ya saratani ilikuwa takriban mara mbili. Utafiti huo ulifuatilia kumbukumbu za wagonjwa, haukuwagawa watu kwa kura, kwa hiyo hauwezi peke yake kuthibitisha kwamba kuondolewa kwa tezi ndiko kulikosababisha tofauti yote. Kwa nduguyo, ushauri wangu ni kwamba amweleze daktari wake kwamba tezi iliondolewa, asiache kufuata ratiba ya vipimo na chanjo inayomhusu, na asiishi kwa hofu.

Mchangiaji wa tatu:

Nashukuru sana, mkuu. Kwa hiyo kwa mtu mwenye umri wa miaka 60 ambaye hakuondolewa chochote, tezi hiyo bado inafanya kazi, au yamebaki mafuta matupu?

Mleta uzi:

Bado inafanya kazi, na tunalijua hilo kwa vile viduara alivyovileta daktari kwenye mjadala. Mwaka 1998 Daniel Douek na wenzake walivitafuta katika damu ya watu wa rika mbalimbali, wakaona kwamba hupungua kadiri umri unavyosonga, lakini kwa wengi havikwishi hata uzeeni. Kwa kuwa kiduara hakijinakili, kilichopatikana katika damu ya mzee kilitupwa na seli iliyokatwa DNA yake ndani ya thaimasi yake mwenyewe. Katikati ya mafuta yale vimebaki visiwa vidogo vyenye gamba na sehemu ya kati, na ndani ya visiwa hivyo RAG bado zinakata, seli nyingi bado zinakufa bila kujibiwa, na chache bado zinatoka.